Mwalimu Aliyeinua Pikapu

Katika Kitengela nzima, kuanzia stejini mpaka kule ploti zinakoishia na pundamilia wanakoanzia, hakukuwa na mwanamume mwingine aliyelala chini ya gari akiwa amefunga tai. Nasema Kitengela nzima kwa sababu najizuia. Nikijiachilia nitasema Afrika Mashariki. Tai yenyewe ilikuwa ya kahawia, pana kama ulimi wa ng'ombe, na ncha yake aliichomeka ndani ya shati katikati ya vifungo ili isiingie kwenye grisi. Iliingia kila mara.

"Tai ni heshima," alikuwa akituambia. "Gari inajua kama unaiheshimu."

Sisi tulimwita Mwalimu, na mimi nitaendelea kumwita hivyo. Alinifundisha hesabu na jiografia katika shule ya jioni, wakati tayari nilikuwa na mke, watoto na kitambi kidogo cha heshima. Tulikuwa wauza duka, mabawabu, akina mama wa saluni na polisi mmoja mstaafu, tumebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yanagusa kidevu. Mimi nilikaa nyuma kwa sababu dawati la nyuma ndilo pekee lililonitosha. Akaniita Bekibencha. Jina hilo mpaka leo mke wangu analitumia akinikasirikia.

Hesabu zake zote zilikuwa na gari ndani yake. Vitabu vya watu wengine vina maembe na machungwa. Vya Mwalimu vilikuwa na nati, springi na lita za dizeli. Siku ya kutufundisha nyenzo alikuja darasani na jeki, akaiweka chini ya meza yake, kisha yeye mwenyewe akapanda juu ya meza akaketi na miguu ameikunja kama chifu.

"Nani ataniinua?"

Polisi mstaafu akasimama, akakunja mikono ya shati. Mwalimu akamrudisha kwa kidole. Akamwita mama mmoja wa saluni, mwembamba kama uzi wa kushonea, akamwonyesha mkono wa jeki. Yule mama akapampu taratibu, huku anacheka na kuomba msamaha, mpaka nywele za Mwalimu zikakaribia balbu.

"Hiyo," akasema kutoka kule juu, bila hata kutabasamu, "ndiyo nyenzo. Andikeni."

Nimefanya mitihani yangu yote na kufaulu, na cheti changu kiko ukutani pale nyumbani, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Lakini nikifumba macho kutafuta elimu yangu ilipo, namwona mwalimu amekaa juu ya meza akipanda mbinguni.

Msinielewe vibaya. Hakuwa malaika. Alitufundisha subira na yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Aliimwaga kwenye sahani akainywa kwa kelele iliyosikika Athi River. Alijua mito ya dunia yote na vyanzo vyake, lakini siku moja tukienda msibani Embulbul alitupoteza Matasia, tukazunguka na kuzunguka mpaka kijana wa boda boda akatuonea huruma na kututangulia. "Barabara zimehama," Mwalimu akasema. Alituamrisha tusiamini kitu chochote ambacho hatujakipima, na bado hakuna Ijumaa hata moja aliyofungua nati. Ukimuuliza sababu, anakohoa.

Na alikuwa na misemo. "Nati haijui umesoma wapi." "Mwenye haraka ndiye hana hesabu." Ule wa tatu ndio nilioupenda zaidi, na ulikuwa zaidi ya msemo, ulikuwa sheria: "Kabla ya kufungua, nifungie kwa mdomo." Maana yake, hukuruhusiwa kugusa kitu chochote kwenye pikapu yake mpaka umweleze, hatua kwa hatua, jinsi utakavyokirudisha. Ukikwama katikati, unarudi kuketi. Hata mke wake, Naserian, alipotaka kubadilisha pazia za sebuleni, aliambiwa azifunge kwanza kwa mdomo. Alichofunga siku hiyo kwa mdomo siwezi kukiandika hapa.

Pikapu ilikuwa nyeupe, ya viti vya mbele tu, imezeeka na bado ina nguvu. Mwalimu ni Mkamba, Naserian ni Mmaasai wa kule ndani ya Kajiado, na katika mambo mengi walikuwa wakibishana vizuri sana, nyama dhidi ya muthokoi wa mahindi, maziwa ya kibuyu dhidi ya maziwa ya pakiti. Lakini kuna jambo moja ambalo makabila yao yalikubaliana kana kwamba yalikaa kikao: mama mkwe. Ukambani wanaita nthoni, Wamaasai wanaita enkanyit, na ukiweka zote mbili kwenye mzani zina uzito mmoja. Mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, hampi mkono, hakai naye kiti kimoja. Wakiwa na jambo la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wanasikia.

Nilimwona Mwalimu, mtu mzima mwenye tai, akiruka mtaro pale sokoni kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja upande ule ule wa barabara. Aliruka kama swala. Nyanya za watu zilimwagika.

Mama mkwe huyo tulimwita Koko, yaani nyanya, kama watoto wa Mwalimu walivyomwita. Alikuwa mama mkubwa, wa mwili na wa sauti, na alikuwa anapoteza macho. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemwingia macho yote mawili. Mwanzoni aliacha kushona shanga, kisha akaanza kuwatambua mbuzi kwa kuwapapasa masikio, na mwisho akawa anamwita Naserian kwa jina la dada yake. Madaktari wa macho walikuwa wakija hospitali kule Kajiado mara chache, wanakaa siku kidogo, wanafanya upasuaji, wanaondoka. Kazi ilikuwa kumfikisha Koko huko siku hizo.

Na hapo katikati kulikuwa na laga, ule mto ambao mwaka mzima ni mchanga na mawe, halafu mvua inanyesha milimani na unakumbuka kwamba wenyewe ni mto. Boma la Koko liko ng'ambo. Mara ya kwanza Mwalimu alipokwenda kumchukua, maji yalikuwa ya magotini tu, lakini tumbo la pikapu likakaa juu ya jiwe kama kuku anayeatamia. Mbele haiendi, nyuma haiendi. Ilibidi ivutwe na trekta. Na wakati wote huo Koko alikuwa ameketi upande wa pili kwenye kigoda chake, amevaa shuka safi na shanga zote, uso ameuelekeza kwenye sauti ya injini. Hakuona kilichotokea. Alisikia tu gari linakuja, gari linanguruma, kisha gari linarudi lilikotoka.

Mwalimu alinisimulia hayo mara moja tu. Aliendesha kutoka kule, Naserian analia polepole kando yake, mpaka walipofika Isinya ndipo akasema, "Nitaiinua."

Seti ya kuinulia gari ilikuja kwa katoni: springi ndefu za mbele, vyuma vya kuongeza kimo nyuma, shokabzoba mpya na boliti nene zilizopinda kama herufi U. Aliikagua kwenye meza ya chakula siku kadhaa. Naserian na watoto walikula kwenye makochi. Halafu Jumamosi moja asubuhi akaniita nyumbani kwake, nikakuta pikapu imesimama juu ya magogo manne ya mti mgumu, kila gogo limeandikwa kwa chaki "USIGUSE", na Mwalimu chini yake, miguu na ncha ya tai tu ndiyo inaonekana.

"Bekibencha, nifungie springi ya nyuma kwa mdomo."

Nikafunga. Nikakosea mahali pa kuweka kile chuma cha kuongeza kimo. Nikaambiwa niketi. Nikafunga tena.

Mtaa mzima ulikuja kutazama. Fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa kubishana, aliegemea ua na kikombe cha chai mkononi.

"Mwalimu, hiyo gari unaiua. Lete kwangu nikufanyie."

"Wewe ile boliti hubaki huwa unaipeleka wapi?" sauti ikatoka chini ya gari.

"Boliti gani?"

"Kila gari ukifunga, kuna boliti inabaki. Uko na debe nzima. Nimeiona."

Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hizo ni za akiba, Mwalimu!"

"Gari yangu haina akiba. Kila kitu iko nayo, inatumia."

Lakini ni huyo huyo fundi aliyetukopesha spana kubwa nati za nyuma zilipokataa, zimeshikwa na kutu kana kwamba zimeoana. Tuliongeza bomba la maji kwenye mpini, tukaning'inia mimi na fundi kama nyani wawili, na nati ilipoachia ilipiga kelele ambayo naamini iliwashtua twiga wa Kimana. Mwalimu akaipiga alama ya chaki, akaiweka kwenye sahani kama mboga.

Jioni ya siku ya pili pikapu ilishuka kutoka kwenye magogo, au tuseme ilikataa kushuka. Ilisimama juu kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, miguu mirefu, inashangaa. Mimi nilikuwa tayari kupiga vigelegele. Mwalimu akainama, akachungulia, akasema, "Hakuna anayewasha." Bomba la mpira la breki la nyuma lilikuwa limevutika, limekaza kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu gari lilikuwa limerefuka na bomba lilibaki lile lile. Tulingoja bomba refu kutoka Nairobi. Fundi alimwambia litanyooka lenyewe. Mwalimu akamjibu kwamba kunyooka ni kwa wanafunzi, breki hazinyooki.

Taa pia zilihitaji kurekebishwa. Jaribio la kwanza zilimulika juu ya miti, na majirani walisema Mwalimu ameanza kuwinda popo.

Naserian alitoka nyumbani, akasimama kando ya mlango wa pikapu. Kiti kilikuwa usawa wa kifua chake.

"Umeinua gari ama umejenga ghorofa? Na sketi nitapanda aje?"

"Utazoea."

"Sawa," akasema. Naserian akisema sawa kwa sauti ile, mtu mwenye akili anasimama kutafakari. Sisi tulikuwa tunalinganisha tumbo la gari na urefu wa jiwe la laga.

Madaktari waliporudi Kajiado ilikuwa msimu wa mvua, na tulikwenda watatu, Naserian katikati. Laga ilikuwa imejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mwalimu alishuka, akavua viatu, akaingia na fimbo aliyoichora chaki, akapima, akarudi. Akaweka gia ya chini. Akakaza tai.

Tulivuka. Ningeweza kuwaambia maji yalipanda mpaka dirishani na mamba akatupungia mkono, na nimewahi kusimulia hivyo, lakini ukweli ni mtamu kuliko uongo: tulipita juu ya lile jiwe na halikutugusa. Tuliyasikia tu maji yakilizunguka chini yetu. Naserian alimpiga Mwalimu ngumi begani, ile ngumi ya furaha.

Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, shuka safi, shanga zote. Mwalimu akasimamisha gari mbali kwa adabu, akageuza uso upande wa kilima. Naserian akamshika mama yake mkono, akamleta nyuma ya pikapu, mahali alipopanda siku zote, kwa sababu mbele hangekaa na mkwe wake. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Koko akanyoosha mkono kupapasa mahali pa kupandia, akapapasa hewa. Akauinua mkono. Akauinua tena. Aliupata mlango usawa wa kidevu chake.

"Binti yangu," akasema kwa Kimaasai, "hii ni gari ama ni dari?"

Naserian alijaribu kumsukuma kwa chini. Ningewaambia ni kama kusukuma kanisa, lakini nampenda Koko. Wanaume wa boma walikuwa wameenda na ng'ombe. Nikasogea kusaidia, na fimbo ya Koko ikanisimamisha kifuani.

"Huyu ni nani?"

"Ni rafiki ya Mwalimu, yeyo," Naserian akamwambia mama yake. "Anaweza kukubeba."

"Rafiki ya mkwe ni mkwe," Koko akasema. "Mwambie asimame huko na mwenzake."

Kwa hiyo tukasimama huko, wakwe wawili, tumegeuzia nyuso kilima. Mwalimu alikuwa amepima maji, jiwe, springi, breki na taa. Kitu kimoja tu hakukipima, nacho ni mguu wa mama mkwe, kwa sababu mguu wa mama mkwe haupimwi. Hata kuutazama ni makosa. Kule Kajiado madaktari walikuwa wanafunga foleni mchana.

"Sasa," Naserian akaita kutoka nyuma ya gari, "umeinua gari ndio tumfikie Mama, na Mama ndiye hafikii gari. Nifungie hiyo kwa mdomo, Mwalimu."

Nilimwangalia Mwalimu. Midomo ilikuwa inacheza kama ya mwanafunzi ubaoni. Halafu akatoa chaki mfukoni, akaenda kwenye mlango wa nyuma baada ya Koko kuondolewa pembeni, akajipima nao, akapiga alama kwenye shati lake mwenyewe usawa wa kimo hicho. Akaanza kutembea ukingoni mwa laga na alama kifuani. Alisimama kando ya kichuguu, akakiona kifupi. Akaendelea. Mahali ambapo maji ya zamani yalikata ukingo, ardhi ilikuwa imesimama kama ukuta mfupi. Alishuka chini, akasimama nao kifua kwa kifua. Alama ya chaki ilikuwa usawa wa majani.

Akaleta pikapu, akairudisha nyuma kwenye ukuta ule mpaka mlango ukalala juu ya nyasi. Koko akatembea, fimbo mbele, akaingia ndani ya pikapu bila kuinua mguu, kama mtu anayeingia kanisani. Akaketi kwenye godoro lililotandikwa humo. Akapapasa pembeni, akatikisa kichwa.

"Mwambie mwenye gari," akamwambia Naserian, "laini."

Tulifika na foleni haijafungwa. Zamu yake ilipofika aliingia, na siku iliyofuata bandeji zilipofunguliwa Mwalimu alikuwa amejificha nyuma ya nguzo ya varanda, kama inavyopasa. Nguzo ilikuwa nyembamba. Koko alimtazama Naserian kwanza, muda mrefu, akamshika mashavu, akamwita kwa jina lake halisi. Kisha macho yake mapya yakazunguka, yakakuta nguzo, na vipande vya mkwe wake vimetokeza pande zote mbili. Akageuka haraka kwa adabu. Lakini alikuwa ameshaona.

"Mwambie," akasema, "tai yake iko na grisi."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu hakuwa anacheka tena, alikuwa anajipangusa macho kwa ile tai, akazidi kujipaka grisi.

Siku hizi amestaafu. Nilikutana nao mwaka huu Isinya, kando ya kituo cha mafuta, nimeshuka kununua mahindi ya kuchoma. Niliijua ile pikapu kabla sijaisoma namba, kwa kimo chake. Mwalimu alikuwa anapanda kwa kutumia kigoda, taratibu, goti moja halimtii. Nywele zimekuwa nyeupe. Tai ni ile ile.

Na Koko alikuwa mbele. Niliangalia mara mbili. Katikati ya viti, kutoka darini mpaka kwenye gia, walikuwa wametundika shuka nyekundu. Upande huu Mwalimu, upande ule Koko, na kati yao ukuta wa kitambaa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa, kwa kuwa mgongo wa Koko hauwezi tena upepo wa nyuma, wakakubaliana hivyo.

"Naserian yuko wapi?" nikauliza.

"Kazini."

"Sasa mnaongea aje? Nani mtu wa tatu?"

Sauti ikatoka nyuma ya shuka, kwa Kiswahili chake cha vipande vipande: "Gari, uliza huyo dereva, hii ni nani anasimamisha sisi?"

"Gari," Mwalimu akasema kwa heshima, akiutazama usukani, "mwambie Mama ni Bekibencha, yule mkwe mwingine."

"Gari, mwambie amenenepa."

Nikamsogelea Mwalimu nikamnong'oneza. Nilitaka kujua kwa nini, na goti lile, asiishushe pikapu irudi kimo chake cha zamani. Fundi angemsaidia kwa siku moja.

"Nilitaka," akasema. "Nilikuwa nimeshatoa magogo. Mama akakataa. Anasema miaka yote ile alikuwa haoni hata mbuzi wake. Sasa akipanda anataka kuona mbali."

Akawasha. Nikarudi nyuma na hindi langu. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia Koko.

"Gari, mwambie huyo Mwalimu kuna ng'ombe mbele anataka kuvuka."

"Gari, mwambie Mama nimemwona."

"Gari, mwambie hajamwona."

Nilitazama barabara. Kulikuwa na lami, vumbi na kichaka tu. Nikasimama kwa ncha za vidole. Hakuna. Pikapu iliondoka, ikaenda mwendo mfupi, kisha taa nyekundu za nyuma zikawaka, ikasimama kabisa. Na kutoka nyuma ya kile kichaka, bila haraka yoyote, ng'ombe mweupe akatoka akaanza kuvuka.